Mtu wa S

Barua yangu ilirudi Jumapili saa nne asubuhi, kabla hata sijaiweka simu mezani. Nilidhani ni jibu. Mtu mwenye akili timamu asingedhani hivyo, maana niliyemwandikia alikuwa na miezi saba kaburini, lakini moyo una ujinga wake na haufundishiki. Nikaifungua. Ilisema: "Barua yako haikufika. Mamaposta: hajulikani hapa."

Hajulikani! Mke wangu! Mwanamke aliyeingia chuoni tunakofanya kazi akiwa mpiga chapa, akajifunza mashine ya barua pepe kwa kitabu kilichokosa jalada, akailea miaka kumi na tisa kama mtoto mgonjwa. Walinzi wa getini walimjua. Paka wa jikoni alimjua. Wakufunzi walimwita Mama Posta hata mbele ya wageni, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho na kwenye ulimi wangu tu.

Nilijua papo hapo nani kafanya. Chuoni kwetu kuna mkuu wa utawala ambaye sisi wafanyakazi wa chini tunamwita Nitalishughulikia, kwa sababu ukimpelekea jambo lolote hulijibu kwa neno hilo, kisha huirudisha kalamu mfukoni. Mke wangu alimwomba msaidizi miaka minne. Atalishughulikia. Mimi ni fundi bomba wa chuo hichohicho, nilimwomba tuhamishe bomba la maji linalopita juu ya mashine ya barua, maana kiungo chake kinavuja kila mvua ikinyesha. Akatuletea ndoo. Wiki ile mke wangu alipoanza kubanwa na kifua, matokeo ya mitihani yalikuwa yanatumwa, akaambiwa asubiri yaishe. Akasubiri. Siku ya nne nikampeleka hospitali, daktari akaniuliza kwa nini tumechelewa, na wa kulijibu swali lile alikuwa ofisini kwake anapigwa na feni. Tulipomzika, msaidizi alipatikana ndani ya siku tatu.

Sasa nieleze hizo barua, maana najua mtu anaweza kunicheka. Anicheke tu.

Mke wangu alinifungulia anwani kwenye mashine yake, akaiita bomba. Alipenda kuwaambia wenzake kwamba mume wake ni fundi bomba na ni bomba pia. Basi akiwa chumbani kwake na mimi niko juu ya paa la bweni au chini ya sinki la jikoni, simu inatetemeka, ni yeye. "Umekula?" "Ufunguo wa stoo uko kwenye koti langu, usivunje mlango." "Maji yanadondoka tena. Njoo na ngazi, na maneno matamu kama yamebaki." Siku moja aliandika kwamba amekuja kazini na viatu viwili tofauti na hakuna aliyeona. Zilifika mia nne na kumi na mbili. Sikujibu hata moja. Vidole vyangu ni vya spana, herufi za simu ni ndogo kama chawa, na mimi nilimaliza darasa la tano. Nilikuwa nasoma, nashuka, namwendea, namwambia kwa mdomo: nimeona. Alikuwa akinitania kwamba mume wake ana deni la majibu.

Wiki ya pili baada ya mazishi nikaanza kuzijibu. Kila Jumapili barua moja, kuanzia ya kwanza kabisa. "Umekula?" Nimekula. Ile ya viatu nilimjibu hivi: Niliona, nikanyamaza, ulikuwa umependeza. Nilipiga hesabu nikaona kwa mwendo ule nitamaliza baada ya miaka minane. Sikuwa na haraka. Nilikuwa nimejibu thelathini na moja na zote zilikwenda kimya, hazikurudi, na kwangu mimi kitu kilichokwenda kisirudi kimefika. Ya thelathini na mbili ndiyo ikarudishwa na neno lile.

Jumatatu nilichukua ngazi na spana nikaenda kwenye chumba cha mashine. Hicho chumba zamani kilikuwa stoo ya mifagio. Hakina dirisha. Ukiingia unakutana na joto la mashine, harufu ya vumbi lililoungua, na ile ndoo yetu imekaa katikati kama mgeni rasmi. Mashine ya barua yenyewe haina picha wala mapambo, ni maandishi meupe juu ya weusi. Mfumo wake unaitwa Unix, na mke wangu alikuwa akisema anaupenda kwa sababu haukuchekei na haukudanganyi.

Kwenye kiti chake alikaa Kiraka. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuna waya asioufunga kwa utepe mweusi. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, ana tumbo na miwani iliyofungwa utepe uleule. Aliwahi kufanya kibarua chini ya mke wangu, wakamwondoa, wakamrudisha mke wangu alipokufa. Alimwita dada, kwa hiyo mimi ni shemeji yake, nipende nisipende. Nami sikupenda. Kila nikimwona pale nilihisi kama mtu amevaa viatu vya marehemu kabla havijapoa.

Nikamwambia nimekuja kuangalia kiungo kinachovuja. Akasema mbona wiki hii mvua haijanyesha. Nikamwambia bomba halisubiri mvua, nikapanda ngazi. Ukiwa juu ya ngazi unaweza kumuuliza mtu jambo zito bila kumtazama usoni. Nikajifanya nakaza nati, nikamuuliza kama ni yeye aliyemtoa Mama Posta kwenye mashine.

Hakukana. Akainua karatasi kutoka mezani, agizo la Nitalishughulikia lenye muhuri. Mashine mpya inakuja, kila mtu asiye na namba ya ajira sanduku lake la barua lifutwe, na Ijumaa mwenyewe atapita kukagua. Walikuwa watu ishirini na watatu: waliostaafu, waliohama, waliokufa. Aliwafuta Jumamosi. Alisema alipofika kwa dada alitoka nje kwanza, akanywa maji, akarudi.

Nikamwambia kwamba kumtoa mtu ni jambo moja na kumtukana ni jingine. Kama walitaka kumfuta wangemfuta kimya. Lakini mkubwa gani huyo, anayekaa juu ya migongo ya watu, anapata wapi ujasiri wa kuandika kwamba mke wangu hajulikani? Niliendelea hivyo kwa muda. Mengine siyaandiki hapa.

Kiraka alinisubiri nimalize. Kisha akasema polepole, "Shemeji, neno hilo ni la dada."

Nikasimamisha spana.

Akaniita nishuke nione. Sikushuka, nilivaa miwani nikasoma kutoka juu, naye akakuza maandishi mpaka yakawa kama ya ubaoni. Mashine ile zamani ilikuwa ikirudisha barua kwa maneno ya kigeni. Madereva na wapishi walikuwa wakiogopa. Mpishi mmoja alipopata majibu yale aliaga nyumbani akidhani ameitwa mahakamani. Ndipo mke wangu akakaa wiki nzima kuyageuza majibu yote ya mashine kuwa Kiswahili. Kwenye faili lile, mistari inayoanza na alama ya reli, hii #, mashine huiruka, ni ya binadamu kuandikiana. Kwenye mistari hiyo alikuwa amebishana na nafsi yake. Mmoja ulisema: "Hakuna mtu huyo? Hapana, ni kali, kama unamfukuza mtu mlangoni." Wa pili ulisema: "Hayupo? Hapana. Mtu atadhani katoka kidogo, atarudi." Chini yake ndipo lilipokaa neno lenyewe, hajulikani hapa.

Niliusoma ule wa pili mara kadhaa. Atarudi.

Kiraka akasema anaweza kulibadilisha, ni kazi ya dakika moja, niseme tu nataka liwe nini. Nikamwambia asiguse. Kama kaliandika yeye, likae. Ila lisimwangukie yeye.

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaniuliza, "Hii ya jana ilikuwa ya ngapi?"

Damu ilinipanda. Nikamuuliza kama ndiyo kazi anayolipiwa, kusoma barua za watu na wake zao. Nikashuka vipandio viwili viwili. Yeye hakuinuka kwenye kiti, alinyoosha kidole tu kwenye kioo. Kulikuwa na orodha ndefu ya majina ya ajabu, tarakimu zimefuatana kama namba za mita za maji. Akaniambia kila barua kwenye mashine ile ni faili moja, na jina la faili huishia kwa herufi. Dada alimfundisha kuzikumbuka kwa Kiswahili: S ni soma, barua imeshasomwa. R ni rudisha, imeshajibiwa. T ni tupa.

"Hili ni sanduku lako," akasema. "Sijafungua hata moja. Naona majina tu. Zote zina S. Lakini tangu dada aondoke, kila Jumatatu nikija nakuta moja imeongezeka R. Ziko thelathini na mbili. Ya jana haikufika, sasa sikujua kama unaihesabu au huihesabu." Akasogeza orodha mpaka chini, mia nne na kumi na mbili. "Na T hakuna. Mtu mwingine yeyote humu ndani anazo T."

Nilikaa kwenye kipandio cha chini cha ngazi. Nikamuuliza jambo ambalo sikutaka kumuuliza mtu: kama mke wangu alikuwa anaziona hizo S.

"Alikuwa anaziona? Alikuwa anazisubiri. Anakutumia, anakaa hivi, mkono shavuni. Dakika moja, mbili. S ikitokea anacheka peke yake. Siku moja nikamwambia, dada, huyu shemeji mbona hakujibu hata siku moja? Akaniambia, mume wangu ni mtu wa S. Wa R wapo wengi, wanajibu kabla hawajasoma."

Hapo nilitazama ile ndoo kwa muda mrefu. Haikuwa na maji, lakini ndiyo ilikuwa karibu.

Kiraka akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Alipochoka kutafuta akasema kwamba sanduku la dada hawezi kulirudisha, Ijumaa likionekana yeye ndiye atakayefutwa, na ana watoto watatu. Ila ipo njia nyingine: barua zinazokuja kwake zielekezwe shimoni. Hazirudi kwa mtu na hazifiki popote, zinapotea kimya. Wengine hufanya hivyo.

Nikamwambia mke wangu si choo.

Akacheka, akaomba radhi, akacheka tena. Mimi nilikuwa natazama juu, kwenye bomba. Kichwa changu hakina mambo mengi lakini maji nayajua. Nikamuuliza agizo linasemaje hasa, asome neno kwa neno. Akasoma: sanduku lifutwe. Nikamuuliza sanduku ni nini, ni tangi au ni bomba? Akafikiri, akasema ni tangi, ndimo barua zinamokaa.

"Basi tangi limekwenda, sawa," nikamwambia. "Lakini bomba lililokuwa linaingia humo wewe umeliziba tu kwa kizibo, ndiyo maana maji yanarudi kwa aliyeyafungulia. Sisi hatufanyi hivyo. Tangi likiondolewa, bomba unaliunganisha na tangi la jirani. Kwa nini umzibe? Mwunganishe na mimi. Barua zake ziingie kwangu. Mimi namba ya ajira ninayo, imebaki miezi kumi na moja nistaafu."

Kiraka alinitazama kama anaona mtu mwingine amekaa kwenye ngazi. Akasema dada alikuwa akieleza hivyohivyo, kwa mabomba, na yeye siku zote alidhani dada alijitungia mwenyewe.

Akafungua faili jingine. Humo kila jina lina jina lake la kupelekewa, yako mawili mawili kwenye mstari, katikati nukta mbili. Akaandika polepole, nami nikafuata kila herufi:

mamaposta: bomba

Hivyo tu. Cheti chetu cha ndoa kina mihuri mitatu na hakikuniingia moyoni kama mstari ule.

Akaniambia nijaribu. Nikaandika neno moja, jaribio, nikalituma. Simu ikatetemeka: hajulikani hapa. Nikamwambia Kiraka, unaona, hata mashine inakula meza moja na wakubwa. Nilishaanza kukunja ngazi. Yeye akajipiga paji la uso. Kumbe kuandika peke yake hakutoshi. Mashine ile haisomi faili hilo kila mara, inashika ilichosoma mwanzo, mpaka uipe amri isome upya. Akapiga amri, neno moja, akabonyeza. Mashine haikusema kitu. Akaniambia ikinyamaza ujue imekubali, ndiyo tabia yake. Nikamwambia namfahamu mtu mwenye tabia hiyo.

Nikatuma tena. Simu ikatetemeka mkononi. Jaribio. Kutoka kwa Bomba, kwenda kwa Mama Posta, na imefika.

Nilidhani nitakuwa napata barua zangu tu. Sivyo. Jumanne dereva wa basi la chuo alimwandikia Mama Posta kwamba amesahau nenosiri lake kwa mara ya sita. Mtunza maktaba wa zamani, aliyehamia mbali na hana habari ya msiba, aliuliza kama kifua kimepona. Huyo nilimjibu mwenyewe, ilinichukua alasiri nzima. Na Jumatano, saa mbili na robo, ikaingia moja kutoka kwa Nitalishughulikia.

"Mama Posta, tangu jana barua zangu haziingii. Nina kikao saa nne. Nisaidie tafadhali."

Baada ya dakika chache ikaja nyingine. "Samahani. Nilisahau."

Nilizisoma nikiwa chini ya sinki la maabara, maji ya baridi yananidondokea shingoni. Mtu aliyetia muhuri mke wangu afutwe, mkono wake wenyewe haujui kwamba ameondoka. Nikaandika jibu, neno moja: Nitalishughulikia. Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kutuma. Mungu anajua kilikaa muda gani. Kisha nikalifuta, nikajifuta mikono, nikaenda kumwambia Kiraka amtazamie mkubwa wake kuna nini, sanduku limejaa au vipi. Sikumsamehe, tusidanganyane. Ila Mama Posta asingemwacha mtu aingie kikaoni bila barua zake, na barua ile ilikuja kwake, haikuja kwangu.

Ijumaa akaja na orodha yake na kalamu. Nilikuwepo, juu ya ngazi. Nimekuwa mtu wa ngazi siku hizi. Kiraka akamwonyesha masanduku ishirini na matatu hayapo. Akaweka alama moja moja. Alipofika jina la mke wangu kalamu ikasimama. Akauliza, bila kumtazama yeyote, mbona ile barua aliyomwandikia Jumatano haikurudi.

Kiraka akamgeuzia kioo. Akamweleza kwamba sanduku halipo, afungue aone, lililopo ni njia ya kupitishia tu. Mkubwa akauliza inapitia kwenda wapi. Nikasema mimi, kutoka juu, "Kwangu."

Akainua uso. Sikumbuki kama tuliwahi kutazamana hivyo tangu msibani. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri, na kola ya shati imechakaa upande mmoja, kitu ambacho mke wa mtu angekiona. Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya miaka minne na ya siku nne. Badala yake nikakaza nati.

Akashusha macho kwenye orodha. Hakuweka alama wala hakukata. "Hilo," akasema, na kalamu ikarudi mfukoni, "hilo nitalishughulikia."

Akatoka. Mlango ulipofungwa, Kiraka aliinama mezani akacheka mpaka miwani ikaanguka, nami ngazi ikatikisika kwa kicheko. Kwa mara ya kwanza neno lile lilinipa amani. Likishasemwa, jambo haliguswi tena mpaka kiama. Kama alisema kwa mazoea au alisema kwa kunionea huruma, sijui, na sitamuuliza.

Jumapili nilikaa mezani saa nne, nikavaa miwani. Barua ya thelathini na mbili ilikuwa ya siku moja ya mvua kubwa, walipokuwa wamenituma kwenye jengo la pili, lile la mlimani, bomba kuu lilipasuka na barabara ilikuwa matope. Aliandika: "Umefika?" Siku ile nilisoma nikacheka, nikarudisha simu kwenye koti. Nilipomkuta jioni hakuniuliza tena.

Jibu langu la Jumapili iliyopita lilikuwa limerudishwa, sasa nikamjibu tena: Nimefika.

Nilikuwa sijafikiri itakuwaje. Kwenye kujaribu niliona neno jaribio tu, halikunigusa. Simu ikatetemeka palepale juu ya meza. Barua mpya, imepita kwake imenifikia mimi, juu yake jina la Mama Posta, ndani yake neno moja.

Nimefika.

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Hao si mafundi. Nilikaa na simu mkononi, nikaisoma kwa sauti, peke yangu kwenye nyumba, kisha kwa sauti ndogo zaidi. Baadaye nikaona kwamba sina haja ya kungoja Jumapili nyingine, wala kutafuta swali lake la zamani la kujibu. Nikafungua barua tupu, ya kwanza maishani mwangu ninayoianza mimi. Vidole vilinisumbua kama kawaida. Nikamwandikia kwamba nimepika maharage, chumvi imezidi, na nayala hivyohivyo.